Bado ya Tatu

1

Zililetwa mbili, kila moja ndani ya boksi lake, pamoja na fomu ya ukurasa mmoja. Jumatatu asubuhi nikazipanga mezani, moja kushoto na moja kulia, nikavaa miwani ya kusomea na kuanza kuzipekua kama mama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe.

Jina langu ni Skola Ngailo. Mimi ni mpimaji wa vifaa wa halmashauri, mwaka wa kumi na nne sasa. Hakuna mashine inayogawiwa mtumishi wetu bila kupita mikononi mwangu, na hakuna muuzaji anayenipenda, jambo ambalo nalihesabu kuwa sifa. Safari hii zamu ilikuwa ya makarani wa kata, watu arobaini waliohitaji kompyuta mpakato mpya kwa kazi za kila siku. Vibao vyao vya zamani vilikuwa vimechoka. Skrini hazikusikia kidole cha mtu aliyetoka kuchimba viazi, na huku nyanda za juu nani hajatoka kuchimba viazi?

"Nataka jina moja tu," alikuwa amesema mkurugenzi wetu, Bi. Ansila Mbilinyi, aliponikabidhi fomu. "Ijumaa saa sita mchana. Usiniletee insha, Skola. Kwenye mizani ya chai uliniletea kurasa thelathini."

"Mizani ile ilikuwa na matatizo thelathini, Mkurugenzi."

"Jina moja. Na hapa chini kuna mstari wa sharti. Sharti moja, la kiufundi. Chaja, spea, vitu kama hivyo."

Zote mbili zilikuwa za kugeuzwa. Unaifungua kama kompyuta ya kawaida na kuchapa, halafu unakizungusha kioo kinyumenyume mpaka mashine isimame kama hema, au ilale kabisa iwe kama sinia, na mtu wa upande wa pili anasoma na kugusa. Karani hawezi kufanya kazi bila hilo. Anakaa sebuleni kwa watu, mashine mapajani, anaandika waliozaliwa, waliokufa na mipaka ya mashamba. Akimaliza anaigeuza ili mwenye nyumba asome na kuweka kidole.

Ya kwanza iliitwa Mwamba. Ilikuwa nzito, kilo mbili kasoro kidogo, na bawaba yake ngumu ilitaka mikono miwili, lakini kibodi ilikuwa raha tupu na chaji ilikaa siku mbili. Nikalowesha kidole, nikakichovya kwenye udongo wa chungu cha maua cha Mkurugenzi, nikagusa skrini. Ikasikia. Nikaipa alama zake.

Ya pili iliitwa Kinyonga. Nyepesi, bawaba laini, skrini nzuri kuliko ya mwenzake. Herufi B ilikwama kidogo, na tundu la chaji lilikuwa mahali pa kijinga: ukiisimamisha kama hema, waya unabanwa chini. Nikasema moyoni, mstari wangu wa sharti umeshapata kazi.

Lakini tofauti hasa ilikuwa ndani ya bawaba. Mwamba ni ya karani, uigeuze usiigeuze. Kinyonga ina kihisi kinachopima pembe ya kioo. Kioo kikimtazama karani, ni mashine ya karani. Kikivuka nusu duara na kumgeukia mwananchi, mashine inahama upande. Kuanzia hapo inamtumikia yule inayemtazama: inamsomea yaliyoandikwa juu yake, inamweleza haki zake, inapokea jibu kutoka kinywani mwake, na jibu hilo linafungwa. Karani akikirudisha kioo kwake anakuta neno moja tu: Nimepokea.

Haikubuniwa hivyo kwa mbwembwe. Katika wilaya moja, ambayo siitaji, karani aliwajazia Ndiyo wazee kumi na tisa waliokuwa wamesema Hapana. Wote walihamishwa kabla mtu hajashtuka.

Swali lenyewe kila mtu analijua. Tangu Sheria ya Makao ipite, kila aliyetimiza miaka sitini na tano na anayeishi peke yake huulizwa mara moja kwa mwaka: je, uko tayari kuhamia Makao? Akisema ndiyo, gari la nyumba hizo za wazee linamfuata ndani ya wiki na shamba lake linaunganishwa na yale makubwa ya chai. Akisema hapana, mpaka mwakani. Kuna na kisanduku cha tatu, Bado, ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kuona karani hata mmoja amekijaza. Hilo lilipaswa kunishtua mapema.

Ndani ya boksi la Kinyonga kulikuwa pia na ufunguo wa mpimaji, kijiti kidogo cha chuma kinachofungua kila kumbukumbu ya majaribio mpaka siku ya kutia sahihi. Nikautia kamba na kuuvaa shingoni.

2

Jumanne tulipanda kata ya Ukungu Juu. Karani wa huko ni Erasto Mlowe, mtu wa koti zito na maneno machache, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Anawajua mbwa wa kila nyumba kwa majina. Tulikwenda na pikipiki yake ya umeme, mashine zote mbili mgongoni kwangu, mpaka kwa Mzee Dionisi Kiswaga, mgane wa miaka themanini na moja anayeishi peke yake na ng'ombe wawili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, karibuni, piteni ndani. Mtakunywa chai."

"Aa, tumeshakunywa, Mzee," Erasto akasema.

"Kidogo tu."

"Usijisumbue, Mzee wangu."

Mzee akamimina vikombe vitatu kana kwamba hajasikia kitu, na Erasto akapokea chake kwa mikono miwili na kukimaliza chote. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Anayekubali chai kwa neno la kwanza, watu watauliza kwao ni wapi.

Tukaanza na Mwamba. Erasto aliiweka mapajani, akachapa habari za shamba, akaridhika na kibodi. Kisha akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Mzee, lile swali letu la kila mwaka. Uko tayari kuhamia Makao?"

"Bado, bwana karani. Bado kwanza."

Erasto akagusa Hapana.

Nikamsogelea sikioni. "Kasema bado."

"Nimesikia."

"Umeandika hapana."

"Si ndicho alichosema?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada Skola, kwani wewe si wa huku? Mtu mzima amwambie mwenzake hapana usoni?"

Mwulize mwanamke wa huku kama ameolewa, atakwambia bado, hata kama hana mpango huo mpaka kaburini. Mwulize mtu kama ana gari, bado. Ni hapana iliyovishwa nguo za kanisani.

Nikaichukua Kinyonga, nikaisimamisha mezani kama hema, kioo kikamgeukia Mzee. Taa ndogo ya bawaba ikatoka nyeupe ikawa kijani.

"Kamwene, Mzee Dionisi," ikasema kwa salamu ya huku, sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri.

Mzee akavua kofia. "Ee, kamwene! Habari za safari?"

"Nzuri. Kuna watu wawili hapa pamoja nawe. Wasikie tunayoongea, au watoke?"

"Wasikie tu, wana kosa gani?" Kisha akanigeukia. "Na huyu hanywi chai?"

"Hanywi, Mzee."

"Mwekee hivyo hivyo." Akasogeza kikombe mbele ya kioo.

Ikamsomea jina, umri na mipaka ya shamba lake. Mpaka mmoja ulikuwa umekosewa tangu enzi za vibao, Mzee akausahihisha, nayo mashine ikamshukuru. Niliipenda, sitaficha. Halafu ikauliza lile swali.

"Bado, mgeni wangu," Mzee Dionisi akasema kwa upole. "Bado kwanza."

"Nimesikiliza kumbukumbu za sauti yako," ikasema mashine, na upole wake haukupungua hata chembe. "Mwaka juzi ulisema bado. Mwaka jana ulisema bado. Karani aliandika hapana, lakini sauti yako haisemi hapana, kwa hiyo nimesahihisha. Hii ni bado ya tatu. Kwa Sheria, bado tatu ni kukubali ambako hakujapangiwa siku. Nimekupangia tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Asante kwa muda wako."

"Siku ya nini?"

"Ya kuhama."

"Nani anahama?"

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa na kusema, "Aa, hapana! Basi andika hapana!" taa ya kijani ilikuwa imeshazimika. Nikaigeuza haraka. Nimepokea. Swali huulizwa mara moja kwa mwaka, na kikao kikishafungwa kimefungwa.

Erasto alikuwa ameshasimama. "Umeona?" akaniambia. "Umeona inachokifanya?"

Nikampigia Mzee magoti na kumshika mkono. "Ni majaribio, Mzee. Tarehe hiyo haina nguvu mpaka mashine hii ichaguliwe na nitie sahihi yangu. Nisipoichagua, inafutika."

"Basi usiichague, mwanangu." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye msalaba wa saruji nyuma ya zizi. "Mke wangu yuko pale. Mimi niende wapi?" Akakitazama kikombe cha chai kilichokuwa kimepoa mbele ya kioo. "Na ilinisalimia vizuri hivyo."

Tukapanda pikipiki kurudi. Kichwani mwangu fomu ilikuwa imeshajazwa: Mwamba.

3

Jumatano orodha ya Erasto ilikuwa na jina moja lililobaki. Eleuteria Ngailo, miaka sabini na mbili, mjane. Mama yangu.

Kanuni inasema mpimaji hampimii ndugu yake. Ningeweza kubaki nje kwenye pikipiki. Sikubaki, kwa sababu nilikuwa na hakika ya jibu kama nilivyo na hakika ya jina langu. Miaka saba mama ameulizwa, miaka saba amesema bado, miaka saba Erasto ameandika hapana, na mimi kila mwaka nikamshukuru Mungu. Kila Jumamosi napanda kwake. Naziba panapovuja, nakata kuni, nalala kwenye kitanda changu cha utotoni, na Jumapili baada ya ibada nashuka mjini. Nilijua kwamba nyumba ile ndiyo uhai wake.

Alitukaribisha, tukakataa chai, akatumiminia. Mwamba ilimaliza kazi yake kwa dakika moja: bado, hapana, asante. Kisha nikaisimamisha Kinyonga mbele yake na taa ikawa kijani.

"Kamwene, Mama Eleuteria. Kuna watu wawili hapa pamoja nawe. Wasikie tunayoongea, au watoke?"

Mama akamtazama Erasto. Akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko alivyomtazama Erasto.

"Watoke," akasema.

"Mama!"

"Si kaniuliza? Watoke."

Basi nikatolewa nje na kompyuta, ndani ya nyumba niliyozaliwa. Tukasimama kwenye matuta ya viazi, ukungu umetufunika mpaka magotini. Nilikasirika. Niliikasirikia mashine kwanza, halafu mama, halafu Erasto ambaye hana hili wala lile na alikuwa anapiga miayo.

"Mimi sijawahi kumtoa mtu nje," akasema, kama anayejitetea. "Miaka yote nauliza mbele ya watu wote, kwa uwazi."

"Na akisema bado?"

"Naandika hapana. Nawalinda, dada. Ningeandika wanavyosema, kata hii ingekuwa tupu leo."

"Najua." Na nilijua kweli. "Lakini Erasto, mtu akikwambia bado, umewahi kumwuliza tena?"

"Nimwulize tena ya nini, na nimeshaelewa?"

Ndani tukamsikia mama akicheka. Kisha akanyamaza, na sauti ya mashine ikaongea, na mama akaongea kwa muda mrefu, chini chini, namna ambavyo haongei na mimi. Nilitazama saa yangu, kazi ni kazi. Dakika ishirini na mbili. Swali lile lina maneno matano.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amefunika mashine kwa kitambaa cha kiti, kama tunavyofunika chakula cha mgeni. "Mnasimama kwenye baridi kwa nini? Ingieni mmalize chai."

"Umeiambia nini, Mama?"

"Ya kwetu," akasema.

Nikafunua kitambaa na kukigeuza kioo. Nimepokea.

4

Alhamisi nilijifungia ofisini na zile mbili mezani. Nilikuwa na mambo mawili mkononi, na yote yalikuwa yamebebwa na neno moja.

Nikichagua Mwamba, Mzee Dionisi atabaki na zizi lake na msalaba wake. Erasto ataendelea kuandika hapana kwa wema, mpaka siku atakapostaafu na kuja karani mwingine ambaye wema wake siujui. Na dakika ishirini na mbili za mama yangu zitafutika, atarudi kwenye hapana ya Erasto, asijulikane alitaka nini. Nikichagua Kinyonga, Mzee Dionisi anahamishwa tarehe kumi na mbili kwa sababu ana adabu. Mama naye, kama jana alisema bado, zake zilishapita tatu zamani.

Na kama hakusema bado? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikavua ufunguo shingoni nikauchomeka ubavuni mwa Kinyonga.

"Fungua kumbukumbu ya Eleuteria Ngailo?" ikaandika. Kioo kilikuwa kinanitazama mimi. Taa nyeupe.

Nilikaa pale hadi mhudumu akaja kuchukua vikombe na kuondoka. Sababu nilikuwa nazo tele. Ni mama yangu. Ni majaribio. Ni haki ya mpimaji, imeandikwa. Lakini nilikuwa nimetolewa nje, na aliyenitoa alikuwa na haki ya kunitoa, na kama ningeingia sasa kwa dirisha basi kazi yangu yote ya kupima ingekuwa usanii. Kama mimi naweza kuifungua, basi Kinyonga ni Mwamba iliyopakwa rangi.

"Hapana," nikasema kwa sauti.

"Asante," ikajibu. "Ungesema ndiyo ningefungua."

Nikauchomoa ufunguo na kuutia kwenye bahasha ya Mkurugenzi, nikaifunga kwa gundi ili nisibadili mawazo.

Baada ya hapo kichwa kikawa chepesi. Nilikuwa nimeilaumu mashine kwa kutojua kwamba bado ni hapana. Lakini Erasto na mimi nasi tulikuwa na kosa letu, na letu lilikuwa la miaka mingi: tuliamua kwamba bado ni hapana siku zote, kwa kila mtu. Kwenye chai hakuna anayekosea hivyo. Mtu akikataa chai, humwandikii kwamba hanywi chai, wala humpangii siku ya kuinywa. Unamwuliza tena. Kwenye kikombe cha chai tunaulizana mara tatu, na kwenye jambo la mtu atakufa akiwa wapi tunauliza mara moja na kupanda pikipiki.

Ijumaa saa sita kasoro nilimpelekea Bi. Ansila fomu. Kwenye nafasi ya jina niliandika Kinyonga. Kwenye mstari wa sharti, kwa herufi ndogo sana ili yote yaingie, niliandika hivi: Kaunta ya Bado ina hitilafu, inahesabu miaka badala ya kuuliza. Izimwe, na tarehe na majibu yote ya majaribio yafutwe. Ikisikia bado isiandike kitu. Iulize tena hapo hapo, na tena, mpaka isikie neno lingine au ifukuzwe. Ikifukuzwa, iandike Hapana.

Akasoma mara mbili. "'Au ifukuzwe.' Hili ni sharti la kiufundi?"

"Ni hitilafu ya kaunta, Mkurugenzi."

"Skola, Makao kule kuna vitanda mia na sitini vitupu. Wakubwa wananiuliza kila wiki. Kaunta hii ingenijazia nusu yake bila kelele."

"Vitanda vitupu si hitilafu ya kompyuta. Mimi napima kompyuta."

Alinitazama hadi nikaanza kuhesabu miaka niliyobakiza kazini. Kisha akachukua kalamu. "Na tundu la chaji? Ulinilalamikia Jumatatu nzima kuhusu tundu la chaji."

"Sharti ni moja."

Akatia sahihi yake chini ya yangu. Saa nane mchana wakala wa kiwanda akajibu kwamba inawezekana, ni kazi ya siku tatu. Makarani arobaini watabanwa waya mpaka wanitukane, na nimekubali.

Erasto alinipigia simu kabla sijafunga ofisi. "Umenitoa kazini," akasema.

"Nimekutoa sebuleni tu, kaka. Utangoja nje kidogo."

"Mzee Dionisi ana fimbo, unajua. Ataifukuza kweli."

"Ndiyo maana nimeandika."

Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

5

Jumamosi nikapanda kwa mama kama kawaida. Nilimkuta nyuma, anamenya viazi, nikavuta kigoda na kuchukua kisu cha pili. Nikamweleza ya fomu, na kwamba yote aliyoiambia mashine ya majaribio yamefutwa bila mtu kuyasoma. Aliitikia kwa kichwa tu.

"Mama," nikasema. "Unataka kwenda Makao?"

Hakuinua uso. "Bado."

Miaka saba nimeishia hapo. Kila mara neno hilo lilinitua mzigo, nikaenda zangu kukata kuni. Safari hii nikamenya kiazi kizima, kikubwa, mpaka mwisho.

"Mama, unataka kwenda?"

"Si nimekwambia bado? Mashine imekuambukiza?"

"Nauliza tena."

Akamenya chake. Sasa nilikuwa nimeanza kuelewa, na sikutaka kuelewa.

"Mama. Unataka?"

Akaweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye khanga.

"Nataka," akasema. "Nimetaka tangu mwaka wa pili baada ya baba yako. Shangazi yako Yustina yuko kule. Wana kwaya kila siku, wana vyumba vya joto. Mimi hapa naongea na kuku, Skola, na kuku wenyewe wamenichoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema bado. Nilikuwa nangoja mtu aniulize tena." Akaokota kisu, akakiweka tena. "Halafu na wewe. Ningeondoka hapa, wewe Jumamosi ungelala wapi? Huna mume, huna mtoto, una hicho kitanda chako kimoja. Nani angekufungulia mlango?"

"Mama, mimi nakuja hapa kwa ajili yako."

"Na mimi nakaa hapa kwa ajili yako."

Niliona aibu, na iliniuma, iliniuma sana. Miaka saba nimeziba paa la mtu aliyetaka kuondoka chini yake. Mama akanipiga kibao chepesi cha goti kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na nimejikwaa.

"Hayo ndiyo uliyoiambia mashine? Dakika ishirini na mbili?"

"Nilimwuliza kama Makao wanaruhusu mtoto wa mtu kulala siku ya Jumamosi."

"Ikasemaje?"

"Ikasema bado hawajaruhusu." Mama akavuta pumzi. "Nikamwambia awaulize tena."

Hapo nikacheka na machozi yananitoka, na yeye akacheka, na kuku wakakimbia. Tulikaa hivyo hadi maji ya viazi yakaanza kuchemka jikoni. Nilijua kwamba wiki ijayo au ile nyingine nitafunga mlango ule wa mbele kwa mara ya mwisho, na kwamba kitanda changu itabidi nikitafutie mahali.

Mama akaingia ndani akarudi na birika na vikombe viwili. Akanimiminia kimoja, nikakinywa kikiwa cha moto.

"Nikuongezee?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Birika likabaki hewani. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Nani kakulea wewe?"